Nilivyompandisha mama mlimani kwa waya

Mama ana miaka 67. Hakuna asubuhi ametoka nje kupiga mswaki asigeuze shingo kuangalia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeamkaje, ikiwa wazi anajua leo kahawa itakauka, ikiwa imejifunika anarudi ndani kuvaa sweta. Kibosho kwetu mlima uko hapo hapo nyuma ya migomba, hata ukitaka kuukwepa huwezi. Lakini kuupanda? Thubutu. Mwisho wake ni nusu maili, kule ukingoni mwa msitu wamama wanakokata majani ya ng'ombe na kuokota kuni afu wanarudi wamejitwisha. Yaani mtu kaishi chini ya barafu umri wake wote na barafu aliyowahi kuishika ni zile za ubuyu za shilingi mia tunazouziana dirishani.

Aliyekuwa anapanda ni baba. Baba alikuwa mgumu, kwa wasiojua Moshi wagumu ndo wapagazi, wale wanaobeba mahema na masufuria na meza za kulia za wazungu kichwani mpaka juu. Alianzia geti la Umbwe hapo hapo kwetu, baadaye akawa anapiga na Machame, na wengi wao mwisho wa safari ni kambi ya Barafu, huko wageni wanaamshwa usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru na wagumu wanabaki kulinda mahema na kutetemeka. Akirudi alikuwa na stori moja haiishi, kwamba barafu ya juu inaunguza, ukiishika muda kidogo unadhani umeshika kaa la moto. Mama alikuwa anamjibu, baba nanii acha chumvi, kitu cha baridi kinaunguzaje. Baba alifariki 2009 huo ubishi ukiwa haujaisha.

Sasa mwaka jana mama akaja Munich kunitembelea wiki tano. Mimi nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, off zangu zinakuja zinavyotaka zenyewe, nikapata Jumanne moja ya mwezi wa nne, nikaangalia hali ya hewa kwenye simu, jua tupu. Nikamwambia mama kesho twende tukaone mlima. Akaniuliza mlima gani, nikamwambia Zugspitze, ndo mrefu kuliko yote Ujerumani. Akauliza una urefu gani. Nikasema mita 2,962. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Huo si hata Horombo haujafika." Na ni kweli bana, kambi ya Mandara iko mita 2,700 na kitu, ya Horombo iko 3,720, kwa hiyo kilele cha Ujerumani nzima kwetu ni mahali watalii wanapita siku ya pili wakiwa bado wanataniana.

Tulitumia ile tiketi ya siku moja ya kuzunguka jimbo zima la Bavaria, ambayo siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na saa tano hazijafika tuko Garmisch-Partenkirchen. Mama kavaa koti langu la baridi, buti za jirani yangu zilizomzidi namba moja, suruali, na juu ya suruali kitenge, maana alisema hawezi kutembea mbele za watu kama mwanajeshi. Mkononi kabeba mfuko wenye chupa ya chai ya tangawizi, chapati sita na mayai ya kuchemsha, nilishamwambia huko juu kuna migahawa, akaniangalia kama vile nimesema nina mimba. Hapo unachukua katreni ka bluu na nyeupe kanakopanda taratibu kupita mashambani mpaka Eibsee, ambayo ni ziwa, maji yake yana rangi ya kijani mpaka unahisi kuna mtu kaweka dawa.

Dirishani kwenye tiketi za gari la waya nilimdanganya mama bei. Nikasema euro ishirini. Tatizo ubao uko hapo juu umeandikwa kwa namba kubwa na mama namba anasoma vizuri sana, alikuwa mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo miaka kumi. Ni zaidi ya euro sitini kwa mtu mmoja, yaani karibu laki mbili ya kwetu. Alipiga hesabu palepale. "Mbuzi. Wewe mbuzi, mimi mbuzi. Mbuzi wawili kwenda kuangalia barafu." Alirudia hiyo ya mbuzi kama mara nne kabla mlango wa gari haujafunguka.

Lenyewe gari la waya ni chumba cha kioo, kioo kutoka miguuni mpaka kichwani, linaingiza watu 120 wamesimama, na siku hiyo lilijaa watu wa skii na mabuti yao yale yanayofanya mtu atembee kama bata. Lilifunguliwa Desemba 2017 badala ya la zamani la 1963. Kinachoshangaza ni nguzo, njia nzima ina nguzo moja tu, chuma kitupu, urefu mita 127, ukishaipita hiyo nguzo waya unaenda wenyewe hewani mita 3,213 bila kushikiliwa na chochote mpaka juu. Yanakuwa mawili, moja linapanda lingine linashuka kwa wakati mmoja, kila moja linateleza juu ya nyaya mbili nene, kuna na waya mwingine wa kuvuta, kwa hiyo uzito wa hili linaloshuka unasaidia kulipandisha lile. Nilimweleza mama hivyo nikidhani nitamtoa hofu. Akasema kumbe ni kama ndoo za kisimani. Nikasema ndio mama, kama ndoo za kisimani. "Na kamba ya kisima huwa inakatika," akamalizia, afu akatoa rozari mfukoni.

Dakika kumi tu ni hizo lakini zina mambo. Kwanza miti ya misonobari inashuka chini yako hadi inakuwa kama majani ya chai shambani, afu ziwa linageuka sahani, afu ghafla ukuta wa mawe uko mbele ya kioo na unadhani mtaugonga. Masikio yanaziba. Nilimwambia mama ameze mate, kumbe yeye alishafika Salamu Maria ya nane hata hanisikii. Ila tulipopita nguzo gari likayumba kidogo, watu wote "uuuuh", na hapo ndo mama akafungua macho. Kulia kwetu kulikuwa na vilele vimechongoka chongoka vibaya, vimevunjika vunjika kama meno ya mbwa mzee. Akavitazama muda, afu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kwenye kibaraza, "Huyu naye kapigwa mchi."

Kama hujazaliwa kwetu hiyo hutaielewa. Hadithi ya wazee ni kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ulikuwa unazimika kila siku, kila siku anakwenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa la moto, na akifika anakuta chakula anakaribishwa anakula. Kesho tena. Siku moja Kibo akachoka, akashika mchi wa kutwangia akamtandika nao, na ndo maana mpaka leo Kibo kichwa chake ni cha mviringo kimetulia na Mawenzi kapasuka pasuka. Mama alinihadithia hiyo nikiwa mdogo labda mara hamsini. Sikutegemea kuisikia tena nikiwa nimening'inia kwenye waya juu ya Bavaria huku mzee mmoja wa Kijerumani ananikanyaga na buti la skii. Nilicheka mpaka machozi.

Juu ukitoka, baridi inakupiga kofi kwanza ndo inakusalimia. Kuna sakafu kubwa ya kutembelea, watu wamejaa na simu zao, na milima... sijui niseme nini, ni milima tu mpaka macho yanachoka, wanatangaza kwamba siku ikiwa wazi unaona vilele 400 vya nchi nne, Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi. Mimi hapo nikaanza kuumwa kichwa na miguu imekuwa ya mlenda. Mama hana habari. Nimekaa miaka sita Munich, mita mia tano tu juu ya bahari, yeye anaishi kwenye elfu moja mia nne na anapanda mgomba kwa mgomba kila siku, ndo ananishika mkono ananiambia pole pole mwanangu, pole pole, yale maneno ambayo baba alikuwa anawaambia wazungu kwa hela.

Mpaka wa Ujerumani na Austria unapita hapo hapo kileleni. Unatembea hatua chache uko nchi nyingine. Kosa langu nikamwambia. Mama akasimama kama kakanyaga nyoka, "viza yangu si ya kuingia mara moja?" Ilibidi nimweleze kwamba ni Schengen yote moja, kwamba zamani kweli kulikuwa na ukaguzi lakini ulishaondolewa 1998, haamini, anaangalia huku na huku kama kuna askari. Alivuka mwishowe, akakaa Austria labda dakika mbili, akarudi mbio. Sasa hivi Kibosho nzima inajua ametembelea nchi mbili za Ulaya.

Kwenye jiwe la juu kabisa upande wa Ujerumani kuna msalaba wa dhahabu, unaonekana kwenye picha zote. Kuufikia mpaka upande kwa vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba, kwa hiyo tuliutazama kwa mbali. Nilikuwa nimesoma usiku kabla kwamba msalaba wa kwanza uliwekwa 1851 na ulipandishwa vipande vipande na wapagazi 28, huu wa sasa ni wa 1993. Nikamwambia mama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akawaangalia wale Wajerumani kwa huruma. "Kumbe na wao walikuwa na wagumu."

Hapo kuna kitu huwa kinanikaa kooni nikiwa huku, na pale kileleni kikanijia tena. Enzi za ukoloni, huu mlima tuliosimama haukuwa mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Ulikuwa ni Kibo. Mjerumani Hans Meyer alifika juu Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, akakiita kilele Kaiser-Wilhelm-Spitze, akaondoka na jiwe la pale juu akampelekea Kaisari, na watoto wa shule huku wakawa wanafundishwa kwamba mlima mrefu wa Ujerumani uko Afrika Mashariki. Wakashindwa vita, koloni likaenda, Zugspitze ikarudishiwa cheo. Sisi baadaye tukakipa kilele jina la Uhuru, na 1961 Alexander Nyirenda akapandisha mwenge. Na Meyer hakupanda na hewa, kulikuwa na watu wa kubeba, kulikuwa na Mwini Amani wa Pangani aliyekaa naye kambini huko juu kwenye baridi akipika, na Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama ndiye aliyewaonyesha njia. Nilimweleza mama yote hayo kwa hasira kidogo. Akasema, "Na jiwe wamerudisha?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi leo na sisi tutachukua kitu."

Ila kwanza tulikula. Tukakaa kwenye benchi, mama akafungua mfuko, na wakaja kunguru. Wadogo kuliko wa kwetu, weusi tii, mdomo wa njano na miguu myekundu, wanaelea hewani mbele ya uso wako bila kupiga mbawa kama wamefungwa uzi. Mama akasema hawa nawajua, baba yako alisema hata kambini wapo, wezi hao, na kabla hajamaliza neno mmoja akapita na nusu ya chapati. Mama alisimama na kitenge chake akamfukuza kwa Kichaga, matusi mengine sitayaandika hapa, watu wakageuka wakaanza kupiga video.

Kileleni penyewe theluji ilikuwa imekanyagwa imekuwa chafu na ngumu, kwa hiyo tukachukua gari lingine dogo la waya linaloshuka upande wa pili mpaka uwanda wa theluji, kama mita 2,600. Huko ndo kweupe. Kweupe mpaka unafumba macho. Watoto wanateleza na vibao, wengine wamelala chali kwenye viti kama wako Kunduchi. Nikampeleka mama pembeni ambako hakujakanyagwa.

Aliinama polepole, akavua glovu ya kulia, akaiweka kwapani. Akaigusa kwanza kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu uji wa mtoto. Afu akachota. Kumbe theluji ya mchana ina punje punje, haiko kama pamba ilivyo kwenye picha, iko kama chumvi ya mawe iliyolowa, na kiganja cha mama kina mistari mirefu ya jembe, ikawa inaingia kwenye ile mistari inayeyuka inakuwa njia ndogo za maji mpaka kwenye kiwiko. Hakusema kitu. Akaikunja ngumi akaibana. Nikamwambia mama utaganda hebu tupa, akatikisa kichwa. Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo inacheza. Mkono ukaanza kuwa mwekundu, vidole vikaanza kutetemeka, na yeye kabana tu, mpaka ghafla akaiachia akapiga yowe dogo akaingiza mkono ndani ya koti.

"Inaunguza," akasema.

Afu akakaa chini palepale kwenye theluji na kitenge chake. "Inaunguza kweli. Kumbe mwanaume wa watu hakuwa muongo." Nikakaa na mimi. Tulikaa hapo mpaka makalio yakafa ganzi.

Kuna kanisa dogo hapo uwandani, la mawe, lilibarikiwa 1981 na Kardinali Ratzinger enzi hizo akiwa askofu mkuu wa Munich, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto. Niliposema hivyo mama aliingia kama kaingia Roma. Mimi nikabaki mlangoni nikiangalia barafu ya kudumu iko wapi, maana iko chini ya theluji mwezi wa nne huwezi kuiona, inaitwa Schneeferner, na imebaki ya upande wa kaskazini tu, ile ya kusini mwaka 2022 walisema imepungua mno haihesabiki tena kuwa barafu ya mlima. Kibo nayo tangu 1912 imepoteza zaidi ya robo tatu. Mama hahitaji takwimu za mtu kwenye hilo, anakwambia nilipoolewa nyeupe ilikuwa inashuka mpaka pale, anaonyesha kwa kidole hewani, na ukiwa Kibosho unaona kabisa pale ni wapi.

Kwenye foleni ya kurudi ndo tukagombana. Mnakumbuka 2019 serikali ilisema inazungumza na kampuni za nje kuhusu gari la waya Kilimanjaro, wagumu wakaja juu? Mi nilikuwa upande wa wagumu asilimia mia, mtoto wa mgumu nitakuwa wapi tena. Lakini siku hiyo nikajikuta namwambia mama, unaona, kwa hii hata wazee wangefika, hata wewe. Akanitazama. Akaniuliza, mgeni mmoja akipanda na miguu anapanda na watu wangapi. Nikasema wagumu watatu wanne, mwongozaji, mpishi. Akaniuliza, na sisi leo tumepandishwa na nani. Nikafikiria. Kijana mmoja wa redio aliyesimama kwenye kona, watu mia na ishirini. "Wewe ada ya sekondari ulilipiwa na waya?" Sikuwa na jibu, ila bado sijakubali moja kwa moja, maana mkono wake ulikuwa bado mwekundu na bila huo waya asingeushika huo mlima mpaka anakufa. Tumeacha hivyo hivyo. Kila mtu na lake.

Kabla hatujapanda gari la kushuka alimimina chai iliyobaki, akajaza chupa theluji, akaishindilia na kijiko mpaka juu, akafunga kifuniko. Nikamwambia mama itayeyuka. Akasema chupa hii inatunza chai moto kuanzia asubuhi mpaka jioni itashindwaje. Kufika Munich usiku tukafungua, imebaki robo ya chupa, maji ya rangi ya kahawia yanayonukia tangawizi. Akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, na kichupa kikasafiri kwenye begi la mizigo katikati ya masweta mpaka uwanja wa ndege wa KIA.

Mama akakiweka juu ya friji, karibu na sanamu ya Bikira Maria. Majirani wakija anakishusha anawaonyesha barafu ya Ujerumani, wakiuliza mbona ni maji anawajibu na yenu ya hapa mnakunywa ikiwa nini. Ilikaa hivyo miezi miwili na nusu. Siku moja mdogo wangu akanipigia, mwanae wa miaka minne alipanda kwenye kiti akakiona, akanywa yote. Nyuma nasikia mama anafoka, afu akachukua simu, hata salamu yangu hakuitikia, anataka kujua kama ile theluji Wajerumani huwa wanaiweka dawa.